Udhu wa Dakika Tatu

Kamati ya msikiti, katika kikao chake cha kawaida kilichohudhuriwa na wajumbe saba kati ya kumi na mmoja, ilijadili kwa kina tatizo la tangi kukauka kila siku kabla ya swala ya alasiri. Ikajiridhisha pasipo shaka kwamba chanzo chake ni baadhi ya waumini wanaozidisha udhu. Na ikaazimia kama ifuatavyo. Kwamba udhu ni dakika tatu. Kwamba kiungo huoshwa mara moja kwa lazima na mara tatu kwa sunna, na hakuna ya nne. Kwamba asiyetosheka na hizo akatawadhe kwake. Na kwamba azimio hili liandikwe kwenye ubao, kwa herufi zinazosomeka kutoka mbali, litundikwe juu ya mabomba.

"Baadhi ya waumini" alikuwa mtu mmoja. Na kwa kuwa msikiti mzima ulikuwa na fundi rangi mmoja tu, ubao aliuandika yeye mwenyewe.

Alikuwa na jina lake la kuzaliwa, lakini kwenye mabomba walimwita Mara ya Nne, na hilo lilikuwa jina la huruma. Alipofika mara ya nne ndiyo kwanza alikuwa anapata joto.

"Herufi nyeusi juu ya nyeupe, fundi," katibu wa kamati alimwambia, akimkabidhi karatasi iliyopigwa chapa. "Na hapo pa 'hakuna ya nne' weka nyekundu."

Katibu alikuwa mwalimu mkuu mstaafu. Alikuwa ameiacha shule miaka sita iliyopita, ila shule haikuwa imemwacha: bado alitembea na saa ya kupimia mbio za watoto, imening'inia shingoni kwa kamba ya kiatu.

Mara ya Nne aliisoma ile karatasi. Akairudia. "Dakika tatu kuanzia wapi, mwalimu? Kuanzia nia, au kuanzia bomba kufunguliwa?"

"Bomba. Nia haina mita."

"Na kama siku hiyo maji yanatoka kwa kudondoka?"

"Fundi."

"Nauliza tu. Watu watauliza."

"Watu gani?"

Hapakuwa na watu. Alibeba karatasi yake akaenda kazini.

Ubao aliupiga msasa, akaupaka rangi ya kwanza, akauacha ukauke, akaupaka mkono wa pili, akachora mistari kwa penseli na kuandika. Brashi haikutetemeka. Kwenye kazi yake mtu yule hakuwa na shaka hata chembe: mstari aliupiga mara moja ukakaa, na hakurudi kuuangalia. Wenzake kazini walimpa kuta zile ngumu, zenye kona na fremu, kwa sababu ya mkono huo. Hawakujua kwamba mkono huohuo, ukifika chini ya bomba, unageuka kuwa mtuhumiwa.

Chanzo cha mambo kilikuwa tone moja. Alipokuwa bado anajifunza kazi, miaka zaidi ya ishirini iliyopita, jioni moja alivua shati akaona chini ya kiwiko cha kushoto kitone cha rangi ya mafuta, kigumu, kikubwa kuliko punje ya dengu kidogo tu. Kilikuwa cha kijani. Kijani kilikuwa cha milango ya shule, na milango ya shule waliimaliza siku tisa kabla. Alikaa ukingoni mwa kitanda akapiga hesabu. Rangi ya mafuta ina ganda. Maji hayapiti chini yake. Ngozi iliyo chini yake haikuoshwa. Udhu usiofika kwenye ngozi si udhu. Na swala bila udhu si swala. Siku tisa mara tano. Alikuwa amesimama mbele ya Mola wake mara arobaini na tano bila kuwa tayari hata mara moja, na mara zote arobaini na tano alikuwa ameridhika kabisa.

Hilo la kuridhika ndilo lililomtia hofu. Swala zote alizilipa kwa siku tatu, mpaka magoti yakamuuma. Lakini mtu akishagundua kwamba utulivu wake wa siku tisa ulikuwa wa bure, ataupata wapi utulivu mwingine wa kuuamini?

Tangu hapo alijikagua. Kwanza tina, ile ya kuyeyushia rangi, kisha sabuni, kisha jiwe la kusugulia kisigino, ambalo yeye alilitumia mpaka mabegani. Kucha alizikata fupi hadi vidole vikaonekana kama vya mtu aliyefungwa na kuachiwa juzi. Ngozi ya mikono ilipasuka, mipasuko ikaingia rangi, rangi ikatolewa kwa tina, na tina ikapasua zaidi. Msimamizi wake kazini alitoa nusu saa kwa swala ya adhuhuri, muda ambao kwa wengine ulitosha kuswali, kula na kugombana kuhusu mpira. Yeye alirudi kila siku wa mwisho, mikono ya shati imelowa hadi kwapani, na chakula chake kimefunikwa.

Alimwendea imamu, mtu mpole mwenye miwani mizito. Alimwendea mara nyingi kiasi kwamba imamu, akimwona anakata kona, alianza kutafuta pa kukaa.

"Lile ganda la rangi liondoe," imamu alisema. "Doa linalobaki baada ya ganda kutoka ni la macho tu, maji yanapita. Ukishaosha, umeosha. Ukija kushuku baada ya kumaliza, usigeuke nyuma. Yule anayekunong'oneza kwamba bado, huyo si malaika."

"Nikishuku baada ya kumaliza, nimeelewa, shehe. Je, nikishuku kama nimemaliza?"

Imamu alivua miwani akaifuta. "Tumekatazwa kufuja maji hata tukiwa ukingoni mwa mto," alisema mwishowe. "Lifikirie hilo."

Alilifikiria. Aliondoka pale na wasiwasi aliokuja nao, pamoja na mmoja mpya. Sasa kila alipoosha mara ya nne alikuwa anafuja, na kufuja ni kosa, na kosa linataka toba, na toba aliona ni vizuri kuileta mtu akiwa na udhu.

Mtu pekee ambaye hakumwonea huruma alikuwa mama yake. Aliishi naye katika nyumba ya vyumba viwili: mama chumba cha mbele, yeye cha nyuma. Alikuwa hajaoa, na wasichana wawili walioletewa habari zake waliuliza kuhusu maji. Mama alitawadha kwa kopo la bati lisilojaa, amekaa kwenye kigoda mlangoni, kwa vidole vilivyopinda kwa maradhi ya viungo, akamaliza kabla chai haijapoa. Yeye ndiye aliyemfundisha udhu alipokuwa na miaka sita, juu ya kigoda hichohicho. "Kinywa kwa uliyoyasema," alimwambia siku zile akimmwagia. "Mikono kwa uliyoyashika. Miguu kwa ulikokwenda. Maji yakidondoka, yanaondoka nayo." Mtoto alisimama na kujiona mwepesi kama karatasi. Akiwa mtu mzima aliyakumbuka maneno yaleyale akajiuliza: kama yanaondoka na maji, je, pale maji yasipofika?

"Umeingia na jua limechomoza, utatoka na mvi," mama alipiga kelele kupitia mlango wa bafu.

"Nakuja, mama. Mguu wa kushoto."

"Una miguu mingapi wewe, mwanangu? Nilizaa mtu au nilizaa jongoo?"

Mwezi ule ubao ulipotundikwa, mama alianza kushindwa kupanda kitandani peke yake. Moyo wake, daktari alisema, umechoka. Alisema kwa sauti ya mtu asiyetaka kuulizwa swali la pili. Siku moja mchana alimwita mwanawe, akamkalisha mbele yake.

"Utaniswalia wewe," alisema. "Sitaki imamu, sitaki mjomba wako. Wewe."

"Mama, usiseme mambo hayo."

"Nayasema kwa kuwa nakujua. Nimepanga foleni maisha yangu yote. Hospitali, ofisi, kwenye bomba la mtaa. Ile moja ya mwisho sitaki kupanga. Nikiwekwa pale mbele, usinicheleweshe. Umenisikia?"

Alimsikia. Dada yake, mkubwa kwake kwa miaka minne, naye alisikia, amesimama mlangoni na kapu la nguo. Dada alikuwa dobi wa hospitali. Alifua mashuka mia mbili kwa siku na alikuwa na kipaji cha kutosema kitu hadi kitu kihitajike kusemwa.

Kuanzia siku hiyo fundi alianza mazoezi. Alitega saa ya simu dakika tatu, akaiweka juu ya ndoo. Siku ya kwanza ilipolia alikuwa bado kwenye viganja. Ya pili alifika usoni. Wiki ya pili aliwahi kufika kichwani, lakini akakumbuka kuwa pua hakuivutia maji ipasavyo, akaanza upya. Kila kengele ilipolia aliona jeneza. Aliona safu za watu zimesimama kimya, na mbele yao nafasi tupu, na katibu ameshika saa yake. Alipunguza kula. Usingizi ulimpaa. Aliogopa kifo cha mama yake, kama mtu yeyote. Na chini ya hofu hiyo palikuwa na nyingine, aliyoionea aibu, ya kwamba siku hiyo atakuwa bombani.

Simu ya dada ilimkuta ameshaswali alasiri, yuko juu ya ngazi, akipaka dari ya zahanati mkono wa pili. "Njoo," dada alisema, akakata.

Hakusubiri kunawa vizuri. Alijifuta kwa tambara lenye tina akakimbia. Mama alikuwa hai, macho wazi, pumzi fupi. Jioni ile alitawadha kwa magharibi haraka, kwa kopo la mama, akarudi kumshika mkono. Kwa isha vilevile. Na kwa alfajiri vilevile. Hakukagua, hakurudia, hata haikumpitia akilini. Kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini alitia udhu kama watu wote wanavyotia. Jua lilipopanda mama alifumba macho, na mkono ukawa mzito.

Dada na wanawake wawili wa jirani walimwosha. Waliazimia kumzika baada ya adhuhuri. Mara ya Nne alitawadha nyumbani kwa kopo lile, akaenda msikitini, akaswali adhuhuri kwa jamaa, na alipotoa salamu ya mwisho aliona jambo la ajabu: ameweza. Ana udhu, yuko safu ya mbele, jeneza linasogezwa uani, na hakuna anayemsubiri. Alikunja mikono ya kanzu ili asaidie kulibeba.

Chini ya kiwiko cha kushoto palikuwa na kitone cheupe.

Alikigusa. Kilikuwa kigumu. Rangi ya mafuta, ya dari, ya jana jioni. Magharibi, isha, alfajiri, adhuhuri.

"Karibu mbele, fundi," imamu alimwambia kwa upole. "Mama anakungoja."

"Udhu," alisema. "Sina udhu, shehe." Akatoka mbio kuelekea mabombani kabla imamu hajajibu.

Watu walitazamana. Wengine walicheka kidogo, kisha wakaona aibu kwa kucheka. Safu zilikuwa zimeshapangwa, tano, zikawa zimesimama juani.

Bombani alikibandua kitone kwa ukucha. Kwa kuwa ukucha haukuwepo wa kutosha, alikibandua kwa ufunguo wa nyumba. Kilitoka kizima kama gamba la samaki, na ngozi chini yake ilikuwa kavu na ya waridi. Kwa hiyo ilikuwa kweli. Kila aliyemwambia kwa miaka ishirini kwamba ni wasiwasi tu alikuwa amekosea, na siku aliyowaamini ndiyo siku hii. Alianza viganja. Akasukutua. Alipofika kwenye mikono aliosha kushoto mara tatu, akatazama kiwiko, akaosha tena, akageuza, akaona kivuli, akakisugua, kilikuwa kovu la jiwe lake mwenyewe. Basi kama kimoja kilikuwepo, kwa nini kisiwepo cha pili? Akakagua kulia. Akakagua shingo, ambayo haimo kwenye udhu. Akaanza upya.

Katibu alikuwa amekuja kusimama kando ya ukuta, chini ya ubao. Mkono wake ulikuwa kwenye ile saa, lakini kwa heshima ya msiba hakuibonyeza. Au kama aliibonyeza, aliifunika kwa kiganja.

"Fundi, watu wako juani."

"Najua, mwalimu."

"Wazee wamo."

"Najua!" Hakuinua kichwa. "Ameniambia nisimcheleweshe. Ameniambia kwa mdomo wake." Na bado mkono wa kulia ulikuwa unausugua wa kushoto, kama mkono wa mtu mwingine aliyepewa kazi na asiyesikia la mtu. Ilikuwa mara ya sita, au ya saba. Hapo bomba likakohoa, likatema hewa, likadondosha matone matatu na kunyamaza. Mabomba mengine yote yalinyamaza nalo.

Alibaki ameinama, viganja vimekingwa. Uso umeoshwa, mikono imeoshwa, au haijaoshwa. Kichwa bado, miguu bado.

Dada alikuja kupitia mlango wa upande wa wanawake. Alikuwa na dumu dogo la maji, bado limejaa nusu, na jagi la plastiki.

"Kaa," alimwambia.

"Dada, nilikuwa na rangi. Kweli kabisa, angalia, si wasiwasi. Swala nne—"

"Hizo nne utazilipa jioni. Kaa hapo, mdogo wangu."

Alikaa kwenye kibao cha saruji kilicho mbele ya bomba. Dada alijaza jagi.

"Maji ya wapi hayo?"

"Yaliyobaki ya mama. Hayakuguswa." Akamtazama. "Nimemwosha leo asubuhi. Kulia, kisha kushoto, mara tatu. Nilipomaliza, nilimaliza. Unafikiri sikutaka kurudia? Ningemwosha mpaka kesho. Ukimaliza unamfunika, basi. Lete mikono."

"Tangu mwanzo?"

"Tangu mwanzo. Na safari hii hutaosha wewe. Namwaga mimi, wewe sugua tu. Na ninahesabu mimi."

Alimwaga. "Moja. Mbili. Tatu. Sukutua. Pua. Uso: moja. Mbili. Tatu."

Sauti yake haikuwa ya upole wala ya ukali. Ilikuwa sauti ya mtu anayehesabu mashuka.

"Kiwiko kimefika?" mdogo wake aliuliza.

"Kimefika."

"Na nyuma yake?"

"Nimeona na nyuma. Jicho langu linaona doa kwenye shuka kutoka mlangoni, litakosa kiwiko chako? Mimi ndiye shahidi. Kama kuna kosa, nitaulizwa mimi. Kichwa."

Akapaka kichwa, na masikio. Mguu wa kulia, tatu. Mguu wa kushoto, tatu. Tone la mwisho lilidondoka kisiginoni, naye alilifuata kwa macho mpaka likaingia kwenye mfereji. Mdomo ulifunguka kuuliza. Dada alishainua jagi na kuligeuza juu chini, aone kwamba halina kitu.

"Nenda," alisema.

Alikwenda. Uso ulikuwa umelowa wote, kwa hiyo hakuna aliyeweza kusema zaidi ya kwamba umelowa. Safu zilimpisha. Alisimama mbele ya jeneza lililofunikwa, dogo kuliko alivyotarajia, akainua mikono, akatoa takbira ya kwanza kwa sauti ambayo watu wa safu ya nyuma walisema baadaye waliisikia vizuri.

Swala ya maiti haina rukuu wala sijida. Mtu anasimama tu, na akisimama anabaki na yaliyomo kichwani. Kwenye takbira ya tatu kisigino cha kushoto kilianza kuita. Kiliita kama mtoto anavyoita akiwa chumba kingine, bila kukoma. Alikaza vidole vya miguu. Alimwombea mama yake msamaha, alimwombea pa kulala pa nafasi, na kisigino kikaendelea kuita, naye akaendelea kuomba, na vyote viwili vikaenda pamoja hadi takbira ya nne. Akageuka kulia akatoa salamu. Imekwisha. Walimchukua.

Jioni ile alilipa swala nne. Msimamizi wake alimpa ruhusa ya siku nane, na dada alihamia chumba cha mbele kwa muda huohuo. Kila adhana alimwita mlangoni, akamkalisha kwenye kigoda, akammwagia kwa jagi moja, akihesabu. Kila mara mdogo wake aliuliza kuhusu kiwiko. Siku ya tano alisahau kuuliza, akakumbuka akiwa ameshafika kwenye rukuu, akaendelea. Hakutia mguu kwenye mabomba ya msikiti hata mara moja. Aliswali nyumbani na wageni wa msiba, katika chumba kilichohamishwa kitanda.

Kamati ilikutana mwishoni mwa ruhusa hiyo. Katibu alisoma taarifa ya utekelezaji: ubao umetundikwa, unasomeka, na kwa siku nane mfululizo hakuna muumini aliyeonekana akizidisha dakika tatu. Wajumbe walipongeza.

Katika siku hizo nane, tangi lilikauka kila siku kabla ya alasiri.